Panzi wa Viti Sita

Mkasi mkubwa wa karakana ya makochi ulikuwa na msumari wake ukutani, juu kidogo ya cherehani, na aliyeruhusiwa kuutoa pale alikuwa mtu mmoja tu: Mjomba. Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi na minne. Kisha, mwezi uliopita, Mjomba akauteremsha mwenyewe, akaupangusa kwa pindo la shati lake na kumkabidhi mpwa wake, binti wa dada yake.

"Chukua, mjomba," alimwambia. "Macho yangu yameanza kunidanganya. Sasa utakata wewe."

Siku ya tatu tu, binti akakata kitambaa cha mistari cha kochi la watu watatu. Mgongo wa kochi mistari ilisimama, vikalio mistari ililala, na mikono ya kochi, basi, mikono tuiache. Kazi ilipokwisha, kochi lilikaa katikati ya karakana kama punda milia aliyegongwa na lori. Mwenye kochi alilia machozi. Seremala, aliyekuwa akitengeneza fremu upande wa pili wa chumba, alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda, na tangu siku hiyo hakumwita binti kwa jina lake tena. Alimwita Milia. Jina likaganda kama gundi ya mbao. Hata Mjomba alijikuta akilitumia.

Mjomba hakufoka. Aliutazama mkasi, akamtazama mpwa wake, akasema, "Kosa moja haliachi mke. La pili, mjomba, mkasi unarudi msumarini na wewe unarudi kwenye sponji."

Kwenye sponji Milia alikwishakaa miaka miwili, akiichanachana na kuijaza kwenye mito, vumbi lake likimwingia puani, masikioni na hata ndani ya chai. Hakutaka kurudi huko. Usiku aliota anakata, mchana alikata kwa woga, na kila kipande alikipima mara tatu kabla ya kukigusa kwa makali.

Ndipo Alhamisi moja akaja mzee mmoja mwembamba, aliyewahi kuwa mpeleka barua wa posta na ambaye bado alitembea kama mtu aliyebeba mkoba begani. Alishusha viti sita vya meza ya chakula kutoka kwenye gari la kukodi. Mbao zake zilikuwa nzima, lakini vikalio vilikuwa vimechakaa vikabonyea kama mkate uliokaliwa.

"Mke wangu anatimiza miaka sabini Jumamosi," alisema. "Watoto wote wanakuja. Nataka akute viti vimevaa upya."

"Kitambaa tunacho cha kila aina, mzee wangu," alisema Mjomba.

"Nimekuja nacho." Mzee alichomoa kwenye mfuko mapazia mawili yaliyokunjwa vizuri, yakinuka vidonge vya kufukuzia nondo. "Yalikuwa ya sebuleni kwetu miaka ishirini na saba. Mke wangu alikuwa mpiga chapa wa vitambaa. Haya aliyapiga mwenyewe, kwa mihuri ya mbao, kabla vidole havijaanza kumuuma. Tulipohamia nyumba yenye madirisha madogo, akayafungia sandukuni. Nimeyachukua kimyakimya. Nataka kumshtukiza."

Mjomba alitandaza pazia moja mezani, akapitisha futi, akakunja uso. Karakana yake ilikuwa na kanuni moja ambayo haikuwahi kuvunjwa: ua katikati ya kikalio. Mtu akinyanyuka kitini, alipenda kusema, ua limtazame usoni. Lakini maua ya mapazia haya yalikuwa makubwa na yalikaribiana, manne tu kila pazia.

"Nikiweka kila ua katikati yake, pazia moja linatoa vikalio viwili," alimwambia mzee. "Mawili yanatoa vinne. Vile viwili vya mwisho nitavivika kitambaa kitupu, rangi ya tofali, kinachoendana na maua."

"Wewe ndiye fundi," alisema mzee. "Nitavifuata kesho alasiri."

Ijumaa asubuhi Mjomba alivaa kofia aende kununua sponji na mikanda ya mpira. Mlangoni aligeuka. "Nikirudi nikute vipande sita mezani, Milia. Vinne vya maua, viwili vitupu. Na ua?"

"Katikati, mjomba."

"Mungu akubariki."

Milia aliyatandaza mapazia yote mawili kwenye meza ndefu iliyokuwa chini ya dirisha, akayanyoosha kwa viganja mpaka mikunjo yote ikalala. Kisha akainama.

Alikuwa ameshazoea vitambaa vya kiwandani, ambavyo ua la kwanza na la elfu ni pacha. Hiki kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa na rangi tatu, wekundu wa tofali, kijani cha jani na nyeusi, na kila rangi ilikuwa na muhuri wake, uliochovywa, ukawekwa, ukagongwa kwa ngumi. Pembeni mwa kila petali rangi ilikuwa nzito kidogo, kama kingo za mtaro, pale mbao ilipobana kitambaa. Katikati ilikuwa nyepesi kiasi cha kuonyesha nyuzi. Baina ya jani na ua palibaki mstari mweupe mwembamba kama uzi, na mstari huo haukuvunjika popote, ua hadi ua. Milia alishusha pumzi. Aliwaza mkono ulioshika mbao yenye rangi mbichi juu ya kitambaa cheupe, ukijua kwamba ukiteleza kwa upana wa ukucha kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Akageuza upande wa nyuma. Rangi ilikuwa imepenya na kutokea huko pia, na kwenye pembe moja kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu, ambayo mwenye kidole hakujisumbua kuifuta.

"Umelala au unasali?" aliuliza Seremala kutoka kwenye fremu zake.

"Nasoma."

"Soma haraka. Sponji inakuita."

Milia alichukua futi atafute hatua ya ua. Bila hatua huwezi kukata: lazima ujue ua linarudi baada ya umbali gani. Kutoka petali ya juu ya ua hili hadi petali ya juu ya lile, inchi ishirini. La pili hadi la tatu, vilevile. Chini ya kila ua alisimama kuku mweusi, mdomo wazi, shingo mbele. Kuku hadi kuku, inchi ishirini. Safi kabisa.

Halafu akaona doa.

Lilikuwa doa la kijani, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, mbele ya mdomo wa kuku wa kwanza. Alilikwaruza. Halikutoka. Alisogeza kichwa karibu, akaona miguu miwili iliyokunjwa, akaona vipapasio. Panzi! Mbele ya kuku wa pili, pale panzi alipopaswa kuwa kwa mujibu wa futi, hapakuwa na kitu.

Milia alipima tena. Hakuna kitu. Alimtafuta kwa kidole akamkuta kwenye jani la karibu, ametulia. Kwa kuku wa tatu alikuwa amening'inia chini ya jani, kichwa chini. Kwa wa nne alikuwa amepanda petali. Milia alihamia pazia la pili akikaribia kukimbia. Ua la tano, panzi juu kabisa ya ua. La sita, hewani, muhuri umeinamishwa ili miguu ielekee nyuma. La saba, nyuma ya mkia wa kuku. Na kwenye ua la nane, la mwisho, kidole kimoja tu kutoka ukingoni, panzi alikuwa ameketi juu ya mgongo wa kuku kama abiria aliyelipa nauli. Na kuku? Kuku ni yule yule, mdomo wazi ule ule, anatazama mbele ule utazamaji wake wa siku zote, hana habari.

Milia aliangua kicheko peke yake.

"Ameshapata wazimu," Seremala alimwambia nyundo yake.

"Njoo uone! Njoo, njoo!"

Seremala alikuja, akatazama. "Naona maua."

"Tazama panzi."

Ilimchukua muda. Kisha naye akacheka, akamfuata panzi kwa penseli yake kutoka ua hadi ua, akafika mgongoni mwa kuku na kusema, "Huyu mama alikuwa mtundu." Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo. "Lakini Mjomba amesema vikalio vinne."

Ndilo alilokuwa akiliwaza Milia. Akikata kwa kanuni, ua katikati, kila pazia litatoa maua mawili na kutupa mawili. Panzi wanne wataishia kwenye gunia la matambara ya kupangusia gundi, na wa kwanza kabisa kwenda humo atakuwa yule wa mgongoni, kwa kuwa yuko ukingoni. Lakini akisahau ua, akakata vipande vitatu mfululizo kila pazia, maua yaangukie yanapoangukia, atapata vikalio sita vyote vya kitambaa kile kile, na panzi wote wanane. Ila maua mengine yatakaa ubavuni, mengine yatakatika nusu. Kwa asiyejua, lingekuwa kochi la punda milia limerudi na watoto wake.

"Msubiri Mjomba," alisema Seremala, safari hii bila utani.

"Akirudi saa saba na sijakata, hatuwahi. Mzee anakuja alasiri."

"Basi kata kama alivyosema. Panzi ni panzi, Milia. Mkasi ndio ugali wako."

Milia aliinamia meza tena. Alichukua chaki. Kila kipande kilihitaji vidole vinne vya ziada kila upande, vya kukunja chini ya kikalio na kupigilia misumari, na chochote kitakachoangukia humo hakitaonekana tena. Alichora, akakuta panzi wa tatu ameangukia kwenye mkunjo. Akafuta. Akasogeza. Sasa wa tatu yuko salama, wa nne kafa. Akafuta tena. Kuku aliwatoa mhanga bila huruma, huyu mkia, yule miguu. Kuku hata hivyo hawajui linaloendelea. Alifumua upindo wa juu na wa chini wa kila pazia akapata nafasi kidogo, na hatimaye panzi saba wakakaa vizuri. Akabaki wa nane. Alikuwa karibu mno na ukingo: hata upindo ulipofumuliwa, kitambaa kilibaki vidole viwili, na vilitakiwa vinne.

Alizunguka meza mara mbili. Kisha akachukua kile kitambaa kitupu cha rangi ya tofali, akachana ukanda mwembamba, akauunga kwa cherehani kwenye ukingo wa pazia. Ukanda ungekunjwa chini, nani angeuona?

Akashika mkasi. Makali yakauma kitambaa.

Mjomba alirudi saa saba na nusu, sponji kichwani, jasho shingoni. Alitua mzigo, akaja mezani na kuhesabu kwa kidole. Vipande sita. Vyote vya maua. Akainua cha kwanza, akakigeuza, akakitafuta katikati.

"Ua liko wapi?"

"Liko upande, mjomba, lakini..."

"Na hili?"

"Limekatika, lakini tazama hapa, kuna panzi..."

"Panzi!" Mjomba hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Nakutuma ua, unaniletea panzi. Mzee wa watu kaiba mapazia ya mkewe kwa ajili ya siku moja, na mkasi hauna samahani, mjomba. Kilichokatwa kimekatwa." Aliuchukua mkasi mezani, akaenda nao ukutani, akautundika kwenye msumari wake. Ukalia *kling*.

Hapakuwa na muda wa kugombana zaidi. Walifanya kazi bila maneno: Mjomba akifunga mikanda na kulaza sponji, Milia akivuta kitambaa na kupigilia misumari, Seremala akipiga msasa miguu ya viti na kukohoa kila ukimya ulipozidi. Kila Milia alipopigilia msumari wa mwisho wa kikalio, alipitisha kidole juu ya panzi wake. Kitambaa kilivutika kikawa kama ngozi ya ngoma, na rangi zikang'aa kuliko zilivyokuwa mezani. Seremala alivipanga viti ukutani bila mpango, cha kwanza hapa, cha sita pale.

Mzee wa posta alifika saa kumi. Hakufika peke yake, na haikuwa kwa kupenda kwake. Nyuma yake alikuja mama mmoja mfupi, mnene, mwenye fimbo ambayo aliitumia zaidi kuonyeshea vitu kuliko kutembelea.

"Amenifuata," mzee alisema kinyonge.

"Nimemfuata!" alisema mama. "Nafungua sanduku langu nakuta vidonge vya nondo vinatazamana. Namuuliza, anasema labda nondo wamekula. Nondo gani anakula pazia zima na kufunga kifuniko?" Fimbo ikainuka kuelekea ukutani, ikasimama hewani. Alikuwa ameviona viti.

Mama alishusha fimbo.

"Mmeyakata mapazia yangu," alisema, polepole.

"Mama," Mjomba alianza, ametoa kofia, "kuna kosa limetokea kwenye ukataji. Ua lilitakiwa liwe katikati, na lawama ni yangu mimi mwenye karakana..."

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikwenda kwenye kiti kimoja, akainama, akakigusa kitambaa kwa vidole vyake vilivyopinda. Akaenda kwenye kingine. Akarudi kwenye kile cha kwanza. Kisha, bila kuomba msaada, akaanza kuburuta viti. Hiki akakiweka mwanzo, kile kando yake. Mzee wake alitaka kusaidia, akasukumwa kwa kiwiko. Viti vitatu vikapangika. Kwenye cha nne mama alisita, akashika kimoja mgongo, akashika kingine, macho yake ya miaka sabini yakihangaika.

"Hicho ni cha tano, bibi," alisema Milia. Sauti ilimtoka kabla hajaipa ruhusa. "Hapo ameshafika hewani. Cha nne ni kile kingine. Bado amesimama juu ya ua."

Mama aligeuka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna, bibi. Nilikuwa natafuta hatua ya ua. Kila kitu kilipimika. Yeye ndiye aliyekataa."

Mama alimtazama binti. Akaenda kwenye kiti cha mwisho, akamkuta panzi mgongoni mwa kuku, akapitisha kidole kwenye ukingo, akauhisi mshono uliojificha chini ya mkunjo. Alijua maana yake; mtu aliyefanya kazi kwa mikono huijua kazi ya mikono. Ndipo akacheka. Alicheka kicheko kikubwa kuliko kimo chake, akalazimika kuketi, na akaketi juu ya kiti cha sita.

"Miaka ishirini na saba!" alisema akifuta macho. "Nilijiapiza sitamwambia mtu. Nikasema, mwenye macho haambiwi tazama, nitasubiri. Mwaka wa kwanza nikasubiri, wa pili nikasubiri. Wageni wakaja wakasifu maua. Watoto wakakua humo ndani, wakajipangusa pua kwenye panzi wangu. Na huyu," fimbo ikamwelekea mzee, "kila jioni alikunywa chai akitazama pazia."

"Nilijua ni maua," mzee alijitetea.

"Ni maua, ndiyo. Endelea kujua." Akamgeukia Milia. "Lakini kosa lilikuwa langu, mwanangu. Nilipiga chapa kitambaa kimenyooka mezani, nikaenda kukitundika kimekunjamana dirishani. Mikunjo ikammeza. Panzi hakuwahi kuonekana mpaka leo mlipomvutia kitini. Nani amekata?"

Seremala ndiye aliyenyoosha penseli yake kumwonyesha Milia.

Mjomba alikuwa ameshavaa miwani. Alipiga magoti mbele ya kiti cha kwanza, akatembea kwa magoti hadi cha pili, cha tatu, kama mtu anayetafuta sindano. Kwenye kiti cha tano mabega yake yakaanza kutikisika. Alipofika kwenye cha sita alimwomba mama anyanyuke kidogo. Mama akanyanyuka, na panzi akamtazama Mjomba usoni.

Alisimama, akajipangusa magoti. Alikwenda ukutani, akauteremsha mkasi, kisha akaingia stoo na kutoka na robota la kitambaa begani. Aliliangusha mezani mbele ya mpwa wake, likajifungua lenyewe: mistari, myeusi kwa myeupe.

"Mwenye lile kochi anakuja Jumatatu," alisema. "Nimemwahidi tutalivua na kulivika upya. Bure." Aliuweka mkasi juu ya mistari. "Na kama humo ndani kuna panzi, mjomba, niambie kabla sijaenda sokoni, siyo baada."

Milia alishika kitambaa, akakivuta karibu na dirisha. Hakukigusa kwa chaki. Alikitandaza, akakinyoosha kwa viganja, akainama kusoma.

Nyuma yake Seremala alikuwa akipakia viti garini, kimoja kimoja, kwa mpangilio. Vilipakiwa vitano tu. Cha tatu kilikuwa bado chini, na mbele yake mzee wa posta alikuwa amepiga magoti, pua ikikaribia kugusa kitambaa.

"Mama watoto, nionyeshe basi. Yuko wapi?"

"Tafuta," alisema mkewe kutoka garini. "Kesho nitawauliza na watoto. Atakayemwona mwisho ataosha vyombo."